Likizo ya Kuwatumikia Watu

Wenzangu wanafunzi, walimu wetu na wazee wetu, naomba nafasi kidogo katika jarida letu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililobishaniwa sana mabwenini tangu muhula huu uanze. Jambo lenyewe ni matumizi ya likizo. Wako wasemao kwamba likizo zote za mwanafunzi wa sekondari yafaa ziwe za masomo ya ziada, tangu siku ya kwanza hata ya mwisho. Mimi nasema sivyo. Nasema kwamba kila mwanafunzi, kabla hajamaliza Kidato cha Nne, yampasa atoe likizo moja, au sehemu yake, akawatumikie watu asiowajua. Sisemi hivi kwa kusikia tu. Nasema kwa kutenda, na kwa kukosea pia, kama nitakavyoeleza.

Mwezi wa Desemba uliopita, nilipomaliza Kidato cha Tatu, sikurudi kwetu Masasi moja kwa moja. Nilikwenda Dar es Salaam nikakaa huko wiki 4 pamoja na vijana wengine 8, katika mafunzo ya huduma yaliyoandaliwa na kanisa moja huko Manzese. Asubuhi tulisali na kufundishwa. Mchana tulikwenda mtaani kufanya kazi, na jioni tulikaa kueleza tuliyoyaona. Kazi zetu zilikuwa tatu: kuwafundisha kusoma watoto walioacha shule, kuwazuru wagonjwa na wazee, na kusafisha mitaro pamoja na wenyeji. Hatukulipwa hata senti. Tulilala ukumbini, tukapika wenyewe, tukachota maji wenyewe.

Baba yangu hakulipenda jambo hili. Alisema, "Mwanangu, mwakani una mtihani wa taifa. Wenzako watakuwa wanasoma, wewe utakuwa unazibua mitaro ya watu?" Nami sikuwa na jibu. Aliyenisaidia ni babu. Babu alipata kipaimara mikononi mwa Askofu Trevor Huddleston, Mwingereza aliyekuwa askofu wetu wa Masasi tangu 1960 hata 1968. Alimwambia baba, "Huyo askofu unayenisikia nikimtaja kila siku, sifa yake hakuipata kanisani. Aliipata mitaani. Mwache kijana aende." Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, nenda. Lakini matokeo yako nitayatazama mwenyewe."

Labda wasomaji wengine hawajapata habari za Huddleston, basi nitaeleza kidogo. Kabla hajaja kwetu alikuwa padre huko Johannesburg, Afrika Kusini, alikofika 1943. Aliishi Sophiatown, mtaa wa Waafrika waliobanana sana, akawa mwenyeji wao. Serikali ya ubaguzi ilipoanza kuwahamisha watu wa mtaa ule kwa nguvu mwaka 1955, yeye alikuwa mmoja wa waliopinga. Desmond Tutu, aliyekuja kupewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 1984, alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alimwona padre wa Kizungu amevua kofia yake kumwamkia mama yake Tutu, aliyekuwa mfanyakazi wa kawaida tu. Mtoto yule hakuwa amepata kuona jambo la namna hiyo katika nchi ile. Padre huyo alikuwa Huddleston. Baadaye Tutu alipolazwa muda mrefu kwa kifua kikuu, Huddleston huyo huyo alikuwa akija kumtazama hospitali. Sasa tazameni: kuvua kofia hakugharimu kitu, wala hakuhitaji shahada. Lakini kulikaa moyoni mwa mtoto mpaka akawa mzee.

Mimi nilikwenda Dar es Salaam nikiwa na hadithi hiyo kichwani, na kiburi kingi moyoni. Jiji lile ni kubwa. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa humo watu 5,383,728, kati ya watu 61,741,120 wa nchi nzima. Maana yake ni kwamba katika kila Watanzania 100, karibu 9 wanakaa Dar es Salaam. Manzese iko kando ya barabara ya Morogoro, na nyumba zake nyingi zilijengwa kabla ya kupimwa viwanja, ukuta kwa ukuta, hata mahali pengine watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kugeuka upande. Nilidhani nimekwenda kuwafundisha watu wa mahali hapo. Nilidhani pia kwamba kuishi na watu ni jambo ninalolijua, kwa kuwa nimekaa bwenini miaka mitatu.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipokuwa. Sisi wa bweni tunaishi pamoja kwa kengele. Kengele hutuamsha, hutupeleka bafuni, hutupeleka kula, hutulaza. Zamu ya kufagia imebandikwa ukutani, na kiranja huja kutazama. Ukiondoa kengele na kiranja, je, tutabaki na nini? Kule Manzese nilipata jibu katika siku tatu. Hapakuwa na kengele, wala zamu ukutani, wala kiranja. Katekista aliyetusimamia alitwambia tu, "Nyumba ni yenu," akaenda zake. Siku ya kwanza tulipika vizuri. Siku ya pili masufuria yalilala machafu, kila mmoja akimngoja mwenziwe. Siku ya tatu mapipa yalikuwa matupu, na hakuna aliyekwenda kisimani. Usiku ule tulilala na njaa sote 9, tukiwa na mchele gunia zima na mkaa wa kutosha, kwa kukosa maji ya kupikia tu.

Tuligombana sana usiku ule. Mimi nilisema kwamba siku ya kwanza nilichota ndoo 4, kwa hiyo si zamu yangu. Ndipo dada mmoja kutoka Mwanza, mkubwa wetu kwa umri, akasema, "Tangu tuje hapa kila mtu anahesabu ndoo zake. Nani amehesabu ndoo za mwenziwe?" Hakuna aliyejibu. Kesho yake alfajiri nilipoamka kwenda kuchota maji niliwakuta wenzangu watatu wamekwisha kwenda. Hapo ndipo tulipoanza kuwa watu wa nyumba moja. Hatukubandika zamu ukutani hata mwisho, na maji hayakukosekana tena.

Kosa la pili nililionyeshwa na bibi mmoja jirani, Mwislamu, mjane, mwenye maumivu ya miguu. Tulipewa kazi ya kumpelekea maji kila siku. Mimi nilipeleka siku ya kwanza, nikasema "Shikamoo bibi" nikiwa mlangoni, nikatua ndoo, nikageuka niondoke, maana nyumba nyingine zilikuwa zikinisubiri. Bibi akaniita. Akasema, "Mjukuu wangu, maji nimeyaona, Mungu akubariki. Sasa kaa. Hujaniuliza nimeamkaje." Nikakaa. Nikamwuliza. Akanieleza habari za miguu yake, na za mwanawe aliyeko Tunduru, na za mtaa huo zamani nyumba zilipokuwa chache. Nilipoondoka muda ulikuwa umepita, lakini nilikuwa nimejulikana kwa jina. Kesho yake nilipopita, watoto wa uani waliniita "mjukuu wa bibi." Basi nilikumbuka ile kofia ya Huddleston. Nilikuwa nimeleta maji bila kuvua kofia.

Sasa nitasema kosa la tatu, nalo ndilo lililonifanya niandike maneno haya. Katika darasa letu alikuwako mtoto mmoja wa miaka kama 12, aliyekuwa akiuza karanga kituoni. Shule aliiacha darasa la pili. Tangu mwaka 2016 shule za serikali za msingi na za sekondari hata Kidato cha Nne hazitozi ada, lakini sare na daftari ni za mzazi, na mtoto anayeuza karanga ndiye anayeleta unga nyumbani. Alikuwa na akili nyepesi. Wiki ya pili alikuwa akiunganisha silabi bila kusaidiwa. Siku moja aliniambia kwamba anachotaka hasa ni kuandika jina lake lote, lake na la baba yake aliyekwisha kufariki. Nikamwambia, "Njoo Jumamosi saa 4, nitakufundisha peke yako." Akacheka kwa furaha.

Jumamosi ilipofika, wenzangu walipanga kwenda Kigamboni kuogelea baharini. Mimi sikuwa nimepata kupanda pantoni. Nikajiambia kwamba mtoto yule akinikosa atarudi Jumatatu, hapana neno. Nikaenda. Tulicheza sana, tukarudi jioni na mchanga masikioni.

Katekista aliniita kando. Akaniambia kwamba mtoto alifika saa 4 kasoro, amenawa uso na kuvaa shati safi, akakaa kizingitini mwa ukumbi na sinia lake la karanga mpaka adhuhuri. Jumamosi asubuhi ndiyo wakati wa biashara kituoni. Aliondoka na karanga zake zote. Katekista hakunigombeza. Alisema tu, "Wewe ulitoa ahadi kwa jina la hapa," akaingia ndani.

Jumatatu mtoto hakuja darasani, wala Jumanne. Jumatano nilikwenda kumtafuta kituoni. Aliponiona alisema, "Shikamoo kaka. Karanga?" kama asemavyo kwa kila abiria. Nilimwomba radhi. Akajibu, "Haidhuru," huku akitazama daladala inayokuja. Wasomaji wangu, nimepata kuchapwa, nimepata kuitwa mbele ya paredi, lakini sijapata kuona haya kama siku ile. Nilikwenda kituoni kila siku baada ya hapo, si kumfundisha, bali kukaa naye tu. Siku mbili kabla hatujaondoka alirudi darasani. Aliandika jina lake la kwanza, herufi zote, pasipo kutazama ubao. La baba yake hatukulimaliza. Wiki zilikuwa zimekwisha, na sehemu ya muda uliopotea ni ile niliyoipoteza mimi.

Basi hayo ndiyo niliyoyafanya. Sasa niwajibu wanaopinga, maana najua hoja zao ni za haki.

Hoja ya kwanza ni ya baba yangu, kwamba mtihani utaharibika. Sitaificha kweli. Shule ilipofunguliwa Januari, katika jaribio la kwanza nilishuka kutoka nafasi ya 6 hadi ya 11, na hisabati ndiyo iliyoniangusha. Baba aliyaona matokeo, kama alivyoahidi. Tangu hapo nimepanda hadi nafasi ya 8, na ya 6 sijaipata bado. Kwa hiyo sisemi kwamba huduma haina gharama. Ina gharama, nami nailipa. Lakini nauliza: shule hufundisha mtu ili awe nani? Daktari anayejua dawa zote, lakini hamwulizi mgonjwa ameamkaje, amesoma nini? Mwalimu asiyekumbuka ahadi yake kwa mtoto, cheti chake kitamsaidia nini mtoto yule? Nafasi 2 darasani zaweza kurudishwa kwa kukesha. Kujua kwamba mtu fulani anakungoja kizingitini, hilo halimo katika kitabu chochote cha Kidato cha Tatu.

Hoja ya pili ni kwamba mjini kuna hatari na vishawishi. Ni kweli. Ndiyo sababu sisemi mwanafunzi aende peke yake akajifunzie barabarani. Sisi tulikuwa na msimamizi, tulitoka wawili wawili, na kabla ya giza kila mtu alikuwa nyumbani. Mjumbe wa mtaa alitujua wote kwa majina. Mahali pasipo na utaratibu huo, mzazi na akatae.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Rafiki yangu mmoja wa bweni letu aliniambia, "Ninyi mlikwenda kuwatazama maskini, mkarudi na hadithi. Wao wamebaki palepale." Maneno hayo yaliniuma kwa kuwa yana ukweli ndani yake. Mitaro tuliyoizibua ilijaa tena mvua ziliponyesha kabla hatujaondoka. Mimi nimerudi nimefunzwa, na mtoto yule yuko kituoni. Je, tulimtumia kama kitabu cha mazoezi?

Nimelifikiri jambo hili usiku mwingi, na jibu langu ni hili. Huduma ya wageni peke yake haifai kitu. Inafaa pale tu inaposhikamana na watu wanaobaki. Sisi tuliondoka, lakini katekista yuko, na darasa lile lipo, nami nimesikia kwake kwa simu kwamba mtoto anaendelea. Historia yatuonyesha hivyo hivyo. Huko London, mwaka 1884, padre Samuel Barnett na mkewe Henrietta walifungua nyumba iitwayo Toynbee Hall katika mtaa wa maskini, ili wasomi wa vyuo vikuu waje wakae humo na kuwa majirani wa watu. Wengi walikaa muda mfupi, lakini nyumba haikufungwa. Ipo hata leo. William Beveridge alifanya kazi hapo alipokuwa kijana, na mwaka 1942 ndiye aliyeandika taarifa iliyokuwa msingi wa bima ya jamii na matibabu ya umma huko Uingereza. Clement Attlee alikuwa katibu wa nyumba hiyo mwaka 1910, na alipokuwa Waziri Mkuu baada ya 1945, serikali yake ndiyo iliyoyatimiza hayo. Kijana aliyepita mtaani hakubadilisha mtaa siku ile. Lakini mtaa ulimbadilisha yeye, akakumbuka alipopata uwezo. Tunadaiwa deni, basi, na deni hulipwa kwa kukumbuka. Atakayerudi na hadithi tu, akasahau, huyo kweli amewatumia watu.

Hoja ya nne ni ya wenzetu Waislamu, waulizao kama nataka kila mtu aende kanisani. La, hasha. Shule yetu ni ya serikali, nayo haina dini. Mimi nimeeleza huduma ya Kikristo kwa kuwa mimi ni Mkristo na ndiyo niliyoijua. Imani yangu ilikua kule, nami sioni haya kuisema. Lakini bibi aliyenifundisha kuketi alikuwa Mwislamu, na sadaka na kumtazama mgonjwa ni mambo anayoyajua kuliko mimi. Mwenye msikiti na aende na msikiti wake. Mwenye kupenda hospitali au shule ya watoto wasioona na aende huko. Jambo ni kutumika.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu wapewe ruhusa, kwa barua ya mzazi, kutumia wiki 2 za likizo katika huduma iliyo na msimamizi anayejulikana. Kidato cha Nne tuachiwe tusome, maana wakati wetu umekwisha. Pili, kila atakayekwenda akirudi aeleze mbele ya wenziwe alichokosea, na si alichofanikiwa tu. Tatu, asipige picha za watu katika shida zao. Kule Manzese tulikatazwa kabisa, na nilielewa sababu nilipojiuliza kama ningependa mama yangu apigwe picha akiwa mgonjwa.

Wazazi wetu, najua mnavyotoa jasho ili tusome. Msidhani kwamba kijana anayeomba kwenda kutumika anakimbia kitabu. Walimu wetu, mmetufundisha mengi kwa kengele. Tusaidieni tujue kuishi siku kengele itakapokuwa haipo, maana Novemba si mbali. Nanyi wenzangu, wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi hatuna mali, lakini wiki 2 tunazo.

Mimi tangu Januari nimekuwa nikiwasaidia wadogo zangu watatu wa Kidato cha Kwanza katika hesabu, kila Jumatano saa 10 alasiri, chini ya mwembe ulio nyuma ya jiko. Sijakosa Jumatano hata moja. Na mtihani utakapokwisha, nimemwomba baba ruhusa ya kupitia Dar es Salaam kabla ya kurudi Masasi. Amesema tutazungumza baada ya kuona matokeo ya muhula huu. Kuna jina moja ambalo halijamalizwa kuandikwa, nami safari hii sikutoa ahadi. Nikifika, nitafika.